Bawabu

Saa moja usiku, Jumanne. Dundee imeingia giza tangu alasiri.
Nimevua buti za kazi, laptopu ipo mapajani,
mtumba wa paundi tisini, kitufe cha herufi H kimetoka.
Haithamu yuko Aberdeen kwa mama yake.
Ana ruhusa mpaka saa mbili.
Mimi na yeye tunajenga reli.

Ni mchezo mdogo. Mbao, vyuma,
garimoshi linalotoa moshi wa pembe nne.
Ungekaa kiganjani ukabakiza nafasi ya karanga.
Ila hauingiliki hivi hivi:
mlangoni kuna bawabu.

Na bawabu hafungui. Kwanza ajisasishe.
Kwanza anionyeshe upanga wa nusu bei,
anihesabie marafiki (ninaye mmoja, ana miaka tisa),
aniulize kama mimi ni mimi,
atume namba kwenye simu, aipokee, aitilie shaka.
Feni inapaza sauti
kama cherehani ya fundi mkesha wa Idi.

Nafungua orodha ya walaji.
Bawabu. Bawabu mwingine, jina lile lile.
Wa tatu ana duka. Wa nne anamsubiri wa tatu.
Wa tano sijui kazi yake, ila anakula kuliko wote.
Kumi na mmoja, nimewahesabu kwa kidole,
na chini kabisa, umejikunja kama mtoto wa kambo,
mchezo wenyewe. Haujaamka.

Kumbukumbu: asilimia tisini na nne imeshikwa.
Nani aliwachagulia neno hili?
Kumbukumbu.
Nilidhani ni yangu.

Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe.
Huyu ana miezi saba kwangu.
Jembe atalishika na nini? Hana mikono,
ana tumbo. Nilimpa shubiri, kachukua pima,
na pima nailipia mimi: mita ya ukutani
imekwisha meza paundi ya pili tangu nikae.

Saa moja na dakika ishirini na nane, simu.
"Baba, uko wapi?"
"Mlangoni."
"Bado?"
"Bado."
"Basi sikiliza, nitakwambia ninachoona."

Akaniambia.
Daraja limefika ng'ambo.
Ng'ombe ameingia handakini, hataki kutoka.
Ameweka kituo, na kituoni benchi la watu wawili,
upande wangu ameuwekea taa
nisije nikakaa pa mtu mwingine.
Jengo hili zamani lilikuwa kiwanda cha magunia,
kuta zake nene, sauti hupenya kwa kuomba njia:
nikasikia "taa", nisisikie rangi,
nikasikia akicheka, nisijue kwa nini.
Nikafumba macho. Reli nzima ikapita,
na feni haikujua.

Saa mbili kasoro dakika tatu, mama yake kwa mbali: mswaki.
Saa mbili na dakika nne, bawabu:
Karibu!

Naingia. Hakuna mtu.
Benchi lipo. Taa ni ya kijani.
Ng'ombe kweli yumo handakini, kichwa ukutani.
Sijengi kitu. Natumia robo saa kumsukuma,
nambembeleza, namzibia njia kwa mbao,
mpaka anatoka, anasimama katikati ya reli
ananitazama kana kwamba mimi ndiye niliyepotea.
Namwacha hapo. Haithamu atamkuta Jumanne.

Nafunga mchezo.
Bawabu anauliza nimefurahi kiasi gani, kwa nyota.
Namfunga naye. Anasema kwaheri, hatoki.
Feni inaendelea.

Glavu zangu za kazi bado zimelowa theluji.
Naziweka kwenye tundu la joto, moja, na ya pili,
zinajaa upepo, vidole vinasimama
kimoja kimoja.
Haya, mgeni.
Jembe lako ndilo hilo.